Siku Kocha Alipokunywa Glukosi

Hii hamtaiamini. Hata mimi nisingeiamini kama nisingekuwepo, tena kiti cha mbele kabisa, simu mkononi na chaji imejaa. Kwa hiyo kaeni vizuri. Mwenye mtoto mgongoni amlaze kwanza.

Dada yangu anaitwa Kocha. Si jina lake, ila hata mumewe ameshasahau kumwita vingine. Kila asubuhi, kabla duka la vifaa vya ujenzi halijafunguliwa, maegesho ya pale yanakuwa yetu. Mlinzi anatufungulia geti, wanawake wanaingia na kamba zao shingoni, spika inawashwa, na dada anaanza kelele zake: "Ruka! Lami haikuumi, uvivu ndio unaokuuma!" Mimi napiga video. Nazirusha mtandaoni, watu wanapenda, kesho yake unaona sura mpya getini. Kundi letu la simu linaitwa Kamba Haidanganyi.

Sasa sikieni. Kamba ilikuwa inadanganya.

Dada alikuwa mnene. Si mnene wa kupendeza na gauni, mnene wa kuomba msamaha kwa kiti kabla hajakikalia. Magoti yalimlilia, usiku alikoroma mpaka jirani anagonga ukuta, na mtoto alimtafuta miaka na miaka bila kumpata. Siku moja akawaaga watu, eti anakwenda mji mwingine kusomea upambaji wa maharusi. Upambaji gani! Alikwenda hospitali, daktari akampunguza tumbo. Namaanisha tumbo la ndani, ule mfuko wa chakula. Ukabaki mdogo kama yai, na utumbo ukaunganishwa upya, chakula kipite njia ya mkato. Nilikwenda naye mimi, mshika mkoba. Hakuchanwa sana, vilibaki vikovu vidogo vidogo tu. Mtu akiviona na kuuliza, dada anajibu bila kupepesa: "Tetekuwanga."

Kabla hatujaruhusiwa kuondoka, daktari alitukalisha kama wanafunzi. Vidonge vya vitamini na madini kila siku, maisha yote, maana utumbo wa njia ya mkato haunyonyi kila kitu kwenye chakula. Chakula kidogo kidogo, nyama, mayai na maharage kwanza. Sukari tupu, hasa ya kunywa, ni adui. Mimba isubiri angalau mwaka, ikiwezekana mwaka na nusu. "Na ukishika mimba," alisema, "kliniki waambie habari ya upasuaji huu hata kabla hujawaambia jina lako." Dada akatikisa kichwa. Mimi nikarekodi kwenye simu, maana namjua dada yangu.

Basi akaanza kupungua. Daktari alimwambia akipona afanye mazoezi, naye akanunua kamba, akawa anaruka nyuma ya nyumba. Jirani mmoja akachungulia juu ya ukuta. "Kumbe ni kamba! Nami najiuliza umefanyaje!" Niliona kwa macho yangu dada akifungua mdomo aeleze, halafu akaufunga. Kesho yake jirani akaja na kamba yake. Keshokutwa akaja na shoga zake. Ukitaka kujua uongo unazaliwaje, ndivyo ulivyozaliwa. Hakuna mtu aliyesema neno.

Waliojua tulikuwa wawili. Mimi, na shemeji, ambaye ni fundi wa friji na anamwogopa dada kuliko waya wa umeme ulio wazi. Mimi niliapishwa kabisa. Nikisema, simu yangu ianguke kifudifudi kwenye lami. Mnajua hicho ni kiapo cha aina gani.

Mimba ikaingia. Kabla ya muda wa daktari, lakini iliingia. Shemeji alicheza sebuleni na spana mkononi, dada akalia, mimi nikapiga video tukakubaliana tusiirushe. Furaha ilidumu mpaka tulipokumbuka kliniki, kwa sababu nesi wa wajawazito kwenye kliniki yetu ni Roketi.

Roketi ndiye mwanafunzi namba moja wa dada. Mama wa makamo, ana mwili mkubwa, magoti mabovu, na moyo wa simba. Akiruka, huwezi kupitisha hata bahasha chini ya viatu vyake, ndiyo maana watu wakampa jina hilo. Lakini hakosi. Mvua ikinyesha anakuja na mwavuli, anasubiri ikatike. Yupo tangu wiki ya kwanza na hajapungua kitu, na kila asubuhi anajisemea kwa sauti, "Ni mimi tu, sijitumi vya kutosha." Dada akisikia hivyo anaangalia pembeni.

Siku ya kwanza kliniki, Roketi akamkumbatia, akamkalisha, akaanza maswali. "Kocha wangu, umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?"

"Mimi? Kisu nakijua cha jikoni tu."

Roketi akacheka, akaandika. Mimi nilisoma bango la kunyonyesha lililobandikwa ukutani mpaka nikajua nimelihifadhi.

Nje nikamvuta mkono. "Dada, daktari alisemaje?"

"Alisema kliniki. Hakusema Roketi."

"Si ndiye kliniki yenyewe!"

"Mdogo wangu, yule mama akijua, nitamtazama vipi? Kila siku naamka namwambia ruka utapungua kama mimi."

Halafu vidonge navyo vikapotea. Siku moja mama mmoja wa kundi aliiona chupa kwenye mkoba wa dada, akapaza sauti, "Kocha nawe unakunywa dawa za kupungua?" Wote wakageuka. Dada akasema ni za mama mkwe. Tangu siku hiyo chupa ikahamia kabatini nyuma ya mashuka, na kitu kikiwa nyuma ya mashuka kinasahaulika. Nikimkumbusha ananijibu, "Nakula mboga." Mboga gani, vijiko vitatu anashiba!

Mimba ilipofika mwezi wa sita, Roketi akampa taarifa akiwa anatabasamu. "Wiki ijayo uje hujala kitu. Utakunywa maji ya glukosi, tupime sukari kabla na baada. Wajawazito wangu wote nawapima, usiogope."

Dada akaja nyumbani amekauka mate. Maji ya glukosi. Glasi nzima ya ile sukari ya kunywa tuliyokatazwa. Nikamchezea sauti ya daktari kwenye simu, akaniambia nizime.

"Mwambie Roketi ukweli," nikasema. "Lazima ipo njia nyingine ya kupima."

"Ipo. Sinywi."

"Hunywi vipi na anakukodolea macho?"

Hapo ndipo nikaelezwa mpango. Jamani, dada yangu angekuwa mwizi angetajirika. Maji ya glukosi ni meupe, si ndiyo? Basi atabeba chupa ya maji ya kawaida ndani ya mtandio. Roketi akishakoroga glasi, mimi nimwite nimwonyeshe video. Dada anamwaga glasi kwenye sinki, anajaza maji yake, anakunywa taratibu huku amekunja uso. Mchezo umekwisha.

"Na majibu?"

"Yatatoka mazuri."

"Yatatoka mazuri ya maji! Mtoto je?"

"Mtoto anacheza humu ndani kama mpira. Yuko sawa."

Nikampigia shemeji nikidhani nitapata mwenzangu. Nikasikia friji linanguruma, halafu naye: "Shemeji yangu, mimi naogopa kumwambia. Mwambie wewe."

"Nimeshamwambia!"

"Akasemaje?"

"Amekataa."

"Basi si umeona," akasema, akakata simu.

Siku ikafika. Chumba cha Roketi ni kidogo: kitanda chenye pazia la kijani, mzani, sinki, meza yenye glavu na pamba, na feni inayogeuka kama inalazimishwa. Dada alikaa kwenye kiti kilicho karibu na sinki. Alikuwa amekichagua. Roketi akamtoboa kidole, akapima, akaridhika. Akamimina unga kwenye glasi, akakoroga na kijiko huku anaimba wimbo wetu wa mazoezi. Akaiweka mezani mbele ya dada.

Dada akanikata jicho. Zamu yangu.

"Nesi, njoo uone jana ulivyoruka."

Roketi akaja mbio. Nilikuwa nimeipunguza mwendo ile video, na nimeipiga kutoka chini. Akajiona anapaa. "Huyo mimi? Mbona niko juu hivyo? Rudisha. Rudisha tena!" Akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. Macho yalikuwa yamemlowa, jamani, na mimi nikajisikia kama jambazi. Nyuma yake naona mtandio wa dada unachezacheza, mkono unatafuta chupa, kizibo hakifunguki. Unafikiri aliwahi kukilegeza mapema? Hakukilegeza.

Ghafla Roketi akageuka. Dada akarudisha mkono, kifua kinapanda na kushuka.

"Kocha, subiri! Usinywe!" Roketi akasema. "Nimepata wazo. Wajawazito wangu wanakataa hii kitu. Wanasema inatapisha, wengine wanatoroka dirishani. Wakikuona wewe unakunywa, nani atakataa tena? Mpiga picha, lete simu." Akainyakua mkononi mwangu. Simu yangu mwenyewe! Akasimama mbele ya dada, akabonyeza. "Wanangu, huyu hapa Kocha wetu. Mnamjua. Kocha, waambie, unaogopa glasi?"

Sasa mtu mwingine angesema kichefuchefu kimemshika. Angezimia hata kwa uongo. Lakini dada yangu, umwelekezee kamera, anageuka mtu mwingine. Mgongo ukanyooka, shingo ikapanda, tabasamu la maegesho likatoka lenyewe.

"Kocha aogope glasi?" akasema. "Glasi ndiyo iniogope mimi!"

Akanywa. Yote. Akaigeuza kichwa chini kuonyesha haina kitu.

Mimi nilikaa nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Haikuchukua muda. Kwanza kijasho juu ya mdomo. Halafu jasho la kweli, mpaka mtandio ukalowa. Uso ukawa wa kijivu. "Naona feni mbili," akasema. Akashika tumbo, akajikunja, "Linauma, linauma," na mimi nikashika mkono wake wa baridi kama samaki wa friji.

Roketi akaitupa simu yangu kitandani, na hapo nikamwona nesi ambaye sikuwahi kumwona kule kwenye lami. Hakuna utani, hakuna Kocha wangu. Akamlaza dada upande wa kushoto. Akamfunga mkono kipimo cha presha. Kidole, sukari: imepanda sana. Akaweka kile kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni. Kimya. Akasogeza. Kimya. Akasogeza tena, na tukausikia, tuku-tuku-tuku, mbio mbio kama wanawake wetu wakianza raundi ya mwisho. Nikaanza kulia.

"Mtoto yupo," Roketi akasema. "Lakini maumivu haya siyapendi. Glukosi hutapisha, haimkunji mtu hivi." Akafungua mlango, akamwita mwenzake. "Piga simu hospitali kubwa, waandae gari. Waambie nina wasiwasi kondo la nyuma limeanza kuachia." Akaturudia, akashusha sauti. "Ikiwa ni hilo, mtoto atatolewa leo hii."

Leo. Mwezi wa sita. Kitoto ambacho hata hatujakinunulia soksi.

"Kocha, nisikilize. Hili tumbo halijawahi kuguswa? Upasuaji wowote, hata wa zamani? Sema, ni muhimu."

Dada alikuwa amefumba macho. Akanibana vidole. Mnajua ule mbano? Tangu utotoni ni ule ule, wa mama akiuliza nani kavunja kikombe. Maana yake funga mdomo.

"Hapana," akasema, kwa sauti ndogo.

Roketi akamtazama. Akanitazama mimi. Kinywa cha dada kikatikisika kidogo, sijui ni maumivu, sijui ni nini. Vidole vyangu vinabanwa. Gari linaitwa. Na mimi nikamwaga mtama.

"Alifanyiwa! Tumbo lilipunguzwa. Utumbo ukaunganishwa. Vile vikovu si tetekuwanga, nesi, na alikatazwa sukari ya kunywa!"

Vidole vikaniachia.

 Roketi alisimama, kichwa kikikokotoa. Halafu akatoka mlangoni akapiga kelele kuelekea simu: "Waambie alipunguzwa tumbo! Waambie waangalie na utumbo kama umejisokota! Huyu kavurugwa na sukari." Akarudi, akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa cha dada na akaanza kumpima tena na tena. "Sasa hivi itashuka," akasema, na ndivyo ilivyokuwa. Ile sukari iliyopanda kwa fujo ikashuka kwa fujo, chini kuliko inavyotakiwa, dada akaanza kutetemeka. Lakini sasa alijua anapambana na nini. Akamnywesha kitu kitamu kidogo sana, funda kwa funda, ikapanda, halafu akampa mkate na yai alilokuja nalo yeye mwenyewe kwa kula mchana. Rangi ikaanza kurudi.

Wakati tunasubiri gari, dada akafungua macho. "Roketi…"

"Usiongee, pumzika."

"Nisamehe."

Roketi akawa anafuta kijiko, kijiko ambacho kilishakauka. "Unajua nilikuwa nafanya nini kila nikitoka kwenye lami?" akasema. "Nilikuwa nasimama mbele ya kioo najitukana. Nakula kidogo kuliko mtoto, naruka kuliko wote, nasema basi mimi ni mvivu wa kuzaliwa. Ungeniambia tu, Kocha. Ningeruka hivyo hivyo, kwa raha zangu."

Ilikuwa mara ya mwisho kumwita Kocha. Hadi leo anamwita "mama" tu, kama mjamzito yeyote wa kliniki, kwa adabu zote, na adabu hiyo inauma kuliko tusi.

Hospitali kubwa walimwangalia kila kona. Kondo liko mahali pake. Utumbo haujajisokota. Ila damu haina madini ya chuma ya kutosha, vitamini ziko chini, na picha ikaonyesha mtoto ni mdogo kuliko umri wake. Si wa kutisha, daktari alisema, lakini wa kufuatilia. Dada alikaa kwenye ukingo wa kitanda akasema, "Nimemnyima mwanangu ili watu wasione chupa." Mimi nikamletea chupa yenyewe kutoka nyuma ya mashuka.

Maisha yakabadilika. Glukosi marufuku, badala yake akapewa kimashine cha kujipima kidole nyumbani wiki nzima, kabla na baada ya kula. Shemeji akapewa kazi ya kusoma namba, akawa anazisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Sahani ndogo mara nyingi kwa siku: yai, samaki, maharage, mtindi. Vidonge juu ya friji, mbele ya macho ya kila mgeni, na madini ya chuma mbali na ya chokaa maana hayapatani. Kila baada ya muda picha ya mtoto. Na Roketi, ambaye hakukanyaga tena maegesho, alimpima tumbo kwa futi yake kila wiki, kimya kimya, na hakumwambia mtu. Nilikuwa naangalia kundi kila siku nikitegemea mlipuko. Hakuna. "Magoti," aliandika Roketi walipomuuliza yuko wapi. Neno moja tu.

Mtoto akaongezeka. Polepole, kwa mbinde, lakini kila picha alikuwa amejaa kidogo kuliko ile ya nyuma. Akazaliwa mchana kweupe, kwa njia ya kawaida, msichana. Mdogo! Ukimweka kwenye kiganja na nusu ametosha. Lakini sauti, jamani! Shemeji alikuwa korido ya tatu akaruka. Wakamtoboa kisigino kupima sukari yake, akawapigia kelele kama anadai haki. Sukari nzuri. Walimpima tena na tena siku ile, nzuri.

Kesho yake saa ya kutazama wagonjwa kundi likamiminika wodini. Lote! Vitenge, maua, vicheko, kila mtu na simu. Roketi naye akaja, nguo za nyumbani, akasimama karibu na mlango. Wakamtazama mtoto, halafu wakatazamana.

"Mbona mdogo hivi?"

"Ni ukoo wa baba. Mwone shemeji alivyo, kama waya."

"Haa, mimi nasema ni kamba! Kamba imemtikisa."

"Kocha hajaruka tangu tumbo lianze, wewe, alikuwa anahesabu tu."

Kicheko. Halafu mmoja, msusi, aliyejifungua miezi michache kabla, akasema huku anampangusa wake puani: "Wangu naye haongezeki. Kliniki wananigombeza. Lakini mimi nafuata Kocha, vijiko vyangu vitatu nimeshiba, sitaki kurudi nilikotoka."

Nilimwona dada anamtazama yule mtoto wa msusi. Shingo nyembamba, macho makubwa.

Roketi naye alimwona. Akapiga makofi: "Haya jamani, muda umekwisha, mama apumzike!" Muda haukuwa umekwisha hata kidogo. Alikuwa anampa dada mlango wa kutokea.

"Waache," dada akasema. Akamlaza binti yake kifuani. "Wewe msusi, kaa hapa. Leo leo ule chakula, umesikia? Sahani nzima. Vijiko vitatu ni vyangu mimi, na ni vyangu kwa sababu daktari alinikata tumbo. Hamkunisikia vibaya. Sikupungua kwa kamba. Nilifanyiwa upasuaji, nikawadanganya, na nikamdanganya Roketi mpaka akaninywesha kitu ambacho kingeweza kutuumiza wote wawili."

 Jamani, iliyojibu kwanza ni simu yangu. Ting. Fulani ameondoka kwenye kundi. Ting. Fulani ameondoka kwenye kundi. Wanaondoka wakiwa wamesimama pale pale, mbele ya kitanda, vidole chini ya vitenge! Mmoja akachukua na maua yake. Mwingine akauliza kwa kunong'ona huyo daktari yuko mji gani. Msusi alikuwa analia, na Roketi alishamkalisha kwenye benchi akimtazama mtoto wake ulimi.

Kundi limebaki nusu. Wanaruka bado, wanasema inawaondolea mawazo. Mtoto wa msusi ameanza kunona. Wetu ndiye usiseme, mashavu yamefunika pua.

Lakini mimi na dada hatujamalizana. Juzi ananyonyesha, mimi nakunja nepi, akaniambia bila hata kunitazama: "Siku ile kliniki ungenisubiri."

"Nikusubiri nini?"

"Nilikuwa nasema. Mdomo ulikuwa unafunguka, ukanirukia. Ningemwambia Roketi mwenyewe, asingeniona hivi anavyoniona. Ameusikia ukweli wangu kutoka kwako."

"Dada, ulikuwa umesema hapana! Gari lilikuwa linaitwa!"

"Nilikuwa nasema," akarudia, akambadilisha mtoto upande.

Na mimi ule mdomo niliuona ukitikisika, sikatai. Ndio unaonisumbua mpaka leo. Huenda lilikuwa neno, huenda yalikuwa maumivu. Nimeitafuta ile video Roketi aliyoanza kupiga, inaishia glasi ikiwa kichwa chini, haina msaada wowote.

Haya, nawaachia ninyi. Umekaa pale, kidole chako kimebanwa, umeapa, dada yako amesema hapana na mdomo wake unatikisika, na nje wanaita gari. Ungesubiri kidogo aseme mwenyewe, au ungesema?